AHADI BILA BEI SI AHADI: Kodi, shule na bima ya afya kabla ya Novemba 3

*TAMKO LA TAWI KWA WANACHAMA*
_Septemba 2026. Tafadhali soma mpaka mwisho, kisha mtumie mwanachama mwenzako._



Zimebaki wiki chache. Kura ya mapema inafunguliwa Ijumaa, Septemba 18. Siku yenyewe ya uchaguzi ni Jumanne, Novemba 3. Safari hii viti vyote 134 vya Baraza la Wawakilishi la Minnesota vinagombewa, na vyote 67 vya Seneti, pamoja na kiti cha Gavana. Wengi wetu tumekodolea macho Washington. Lakini chakula anachokula mtoto wako shuleni, kadi ya MinnesotaCare iliyo mfukoni mwako na makato mapya uliyoyaona kwenye mshahara tangu Januari, hayo yote yaliamuliwa St. Paul.

Kamati imepokea ujumbe mwingi kuhusu mgombea wetu wa Baraza la Wawakilishi. Maswali mawili yanarudi kila siku. La kwanza: "Huyu si wa kwetu, tunampigia kura ya nini?" La pili ni zito zaidi: "Baada ya DFL kukubali watu wetu waondolewe kwenye bima mwaka 2025, kwa nini tusikae nyumbani?"

Tulimwita mgombea, tukakaa naye, tukamuuliza mambo matatu: kodi, shule na afya. Haya ni maoni ya tawi kuhusu majibu yake. Tunamuunga mkono. Lakini tunamuunga mkono kwa masharti, na masharti yenyewe mtayaona hapa chini.

*1. KODI: NANI ANALIPA?*

Tulianza na kodi kwa makusudi. Mgombea yeyote akija kanisani, msikitini au kwenye nyama choma yetu, ataanza na shule na hospitali, kwa sababu hapo ndipo makofi yalipo. Kodi huachwa mwisho, au haitajwi kabisa. Sisi tulisema: tuambie kwanza pesa zinatoka wapi, halafu tutakusikiliza utakavyozitumia.

Kodi ya mapato ya Minnesota ina ngazi nne: asilimia 5.35, 6.80, 7.85 na 9.85. Wengi wetu tuko kwenye mbili za chini, hata tukipiga zamu mbili kwa siku. Ile ya 9.85 iliwekwa mwaka 2013. Kwa mwaka 2025, wanandoa wanaojaza fomu pamoja hawakuigusa mpaka mapato yao ya kutozwa kodi yapite dola 330,000. Mgombea alisema hatapandisha ngazi mbili za chini, na kwamba jimbo likipungukiwa, wa kuombwa kuongeza ni walio juu. Alisema pia atalinda msamaha wa kodi ya mauzo kwenye vyakula vya dukani na nguo. Mama mwenye watoto wanne anajua thamani ya msamaha huo kila Agosti anaponunua nguo za shule.

Alisema atalinda nafuu ya kodi ya watoto iliyoanza mwaka 2023, ambayo kwa mwaka 2025 ilikuwa hadi dola 1,750 kwa kila mtoto, bila kikomo cha idadi ya watoto. Familia ya mapato madogo yenye watoto watatu iliweza kupata hadi dola 5,250. Inarudi hata kama hukudaiwa kodi, ila sharti ujaze fomu. Nafuu hii hupungua kadiri mapato yanavyopanda. Mwanachama ambaye hajawahi kuiomba kwa kudhani ni ya wenye uraia pekee, na aulize kwa mtu anayejua kabla ya msimu ujao wa kodi.

Baadhi yetu walimtaka aahidi kushusha kodi ya majengo. Alikataa, na kamati inampongeza kwa kukataa. Kodi hiyo hupangwa na kaunti, mji na wilaya ya shule. Mbunge wa jimbo anaweza kupeleka ruzuku kwenye ngazi hizo ili mzigo upungue, lakini hawezi kukushushia bili kwa mkono wake. Mgombea anayekuahidi kilicho mfukoni mwa mtu mwingine anakudanganya. Kwa wanaopanga nyumba: kodi hiyo imo ndani ya unacholipa kila mwezi, na ndiyo maana jimbo lina nafuu kwa wapangaji. Tangu fomu za mwaka wa kodi 2024, huombwa ndani ya fomu ya kawaida ya kodi ya mapato. Iombeni.

Sasa tuseme na yale ambayo hayatufurahishi. Chama chetu nacho kimeongeza makato. Tangu Oktoba 2023, kaunti saba za eneo la Minneapolis na St. Paul zinalipa asilimia 1 zaidi ya kodi ya mauzo: robo tatu ya asilimia kwa usafiri, robo kwa makazi. Kodi ya mauzo haiangalii mshahara. Muuguzi msaidizi na daktari bingwa wakinunua televisheni ya dola 1,000, kila mmoja anaongeza dola 10. Hiyo ni kodi inayomuuma mdogo kuliko mkubwa, na tulimwambia mgombea hivyo bila kumung'unya maneno. Alijibu kwamba mabasi na nyumba za bei nafuu zinahitaji mfuko wa kudumu. Tumemsikia. Lakini tumemwambia pesa zikihitajika tena, zisitafutwe kwenye risiti ya duka.

Makato mengine ni ya likizo yenye malipo, iliyoanza Januari 1, 2026. Jumla ni asilimia 0.88 ya mshahara, na mwajiri hulipa angalau nusu. Ukilipwa dola 4,000 kwa mwezi, sehemu yako haizidi dola 17.60. Unachopata ni hadi wiki 12 ukiugua au ukijifungua, na hadi wiki 12 za kumtunza mtoto mchanga au mgonjwa wako, mradi zote pamoja zisipite 20 kwa mwaka. Sisi tunaofanya kazi ya kuinua na kugeuza wagonjwa tunajua mgongo ukikataa kazi inakuwaje. Hapa tunaunga mkono moja kwa moja: bei imeandikwa, mlipaji anajulikana, na faida inaonekana.

*2. SHULE: MLO, MWALIMU NA MTOTO MWENYE MAHITAJI MAALUMU*

Machi 2023 Minnesota ilipitisha sheria ya kifungua kinywa na chakula cha mchana bila malipo kwa kila mwanafunzi wa shule zinazoshiriki, bila kuuliza mshahara wa mzazi. Wanachama wetu wengi walikuwa katikati: mapato yao yanazidi kidogo kiwango cha chakula cha bure, lakini hayatoshi kulipia watoto watatu kila siku. Sheria hii iliwaondolea mzigo huo, na ikamwondolea mtoto aibu ya kuambiwa mbele ya wenzake kwamba akaunti yake ya chakula imekauka.

Mgombea atailinda. Tulimuuliza: bei? Alikiri kwamba gharama ilizidi makadirio ya mwanzo, kwa sababu watoto wengi zaidi walikula. Wapinzani wanasema basi irudishwe kwa maskini pekee. Sisi tunasema watoto kula si hasara. Lakini tunakubali kwamba bajeti ya mlo lazima itengwe kwa hesabu ya kweli, isije ikaliwa na bajeti ya mwalimu.

Hapa kuna jambo ambalo hatuwezi kulikwepa. Wizi wa kesi ya Feeding Our Future ulikuwa wizi wa pesa za chakula cha watoto. Waendesha mashtaka wa serikali kuu wameutaja kuwa wa takriban dola milioni 250, watu zaidi ya 70 wameshtakiwa, na wengi wamekiri au wamepatikana na hatia. Fedha hizo zilikuwa za mpango wa serikali kuu wakati wa korona, tofauti na mlo wa shuleni wa sheria ya 2023, lakini mpiga kura hatenganishi, na wahamiaji wote tumelipia kwa majina yetu. Tusiutetee wizi huo kwenye vikundi vyetu, wala tusiseme ni siasa tu. Kila dola iliyoibwa ni hoja mkononi mwa anayetaka kufuta mipango tunayoitegemea. Mgombea anaunga mkono ukaguzi mkali na malipo kusimamishwa mapema penye dalili za wizi. Tunakubaliana naye. Tulichoongeza ni kwamba ukaguzi ufuate vitabu vya hesabu, usifuate jina la mtu wala lafudhi yake.

Kuhusu fedha za shule zenyewe: sheria ya 2023 iliunganisha fungu la msingi la kila mwanafunzi na mfumuko wa bei, kwa ongezeko la kati ya asilimia 2 na 3 kwa mwaka. Zamani fungu hilo lilisubiri huruma ya kila bunge. Ni hatua njema, ila bei zikipanda kuliko asilimia 3, shule inabaki nyuma. Ndipo wilaya inapokuja kwenye kura ya maoni kutuomba kodi ya majengo, na sisi tunabaki kushangaa kwa nini.

Shimo kubwa zaidi ni elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu. Mwaka 1975 Kongresi iliamuru kila mtoto mwenye ulemavu afundishwe, ikaahidi kusaidia hadi asilimia 40 ya gharama ya wastani ya mwanafunzi. Miaka hamsini imepita, haijawahi kufikisha kiwango hicho. Shule haziruhusiwi kumkataa mtoto, kwa hiyo huchota kwenye mfuko wa wanafunzi wote. Hiyo ndiyo ahadi bila bei: Washington ilipata sifa, bili ikaachiwa mwalimu wa darasa lenye watoto 32. Mwaka 2023 Minnesota iliongeza sana mchango wake kwenye pengo hilo. Mgombea anataka jimbo liendelee kulijaza mwaka hadi mwaka. Tunaunga mkono, hasa kwa ajili ya wazazi wa tawi hili wenye watoto wenye usonji, ambao wengi wao hubeba mzigo huu kimya kimya.

Mgombea anapinga vocha za kuhamisha fedha za umma kwenda shule binafsi. Tunajua wapo wanachama wanaopeleka watoto shule za kanisa au za Kiislamu, na uchaguzi wao tunauheshimu. Lakini mwanafunzi mmoja akiondoka na fungu lake, basi la shule bado linapita barabara ile ile, na jengo bado linahitaji kupashwa joto Januari. Wanaobaki ndio wanaolipa tofauti, na wanaobaki ni wetu wengi.

Kwa vijana wanaomaliza shule ya upili: North Star Promise bado ipo. Tangu msimu wa masomo wa vuli 2024, familia yenye mapato chini ya dola 80,000 haidaiwi karo katika vyuo vya umma vya jimbo, baada ya misaada mingine kuhesabiwa. Mzazi, usimwambie mtoto achukue mkopo kabla hujaliuliza hili.

*3. AFYA: BIMA AU MCHANGO*

Fungueni simu zenu muangalie vikundi vyenu vingine. Hesabuni michango ya mwezi uliopita. Wangapi walikuwa wagonjwa wasio na bima? Jamii yetu haikuwahi kukataa kulipia afya. Sisi hulipa tukiwa tumechelewa, kwa simu, usiku, baada ya mtu kuanguka. Bima ni mchango ule ule, ila uliopangwa mapema na kugawanywa kwa watu milioni tano badala ya watu mia mbili wa kikundi kimoja.

MinnesotaCare ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu wanaofanya kazi lakini kazi haiwapi bima. Inahudumia wenye mapato hadi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Na tangu mwanzo ilikuja na bei yake: kodi maalumu kwa hospitali, madaktari na watoa huduma wengine. Ilikuwa asilimia 2, ilikaribia kufa mwisho wa 2019, ikaokolewa mwaka huo kwa asilimia 1.8. Ndiyo sababu mpango huu umeishi zaidi ya miaka thelathini chini ya magavana wa vyama tofauti. Waliouanzisha waliujengea mfuko. Mgombea amesema hatakubali kodi hiyo iondolewe, na hili ni moja ya majibu yake bora.

Sasa kuna dharura. Sheria ya Kongresi iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inasema kwamba kuanzia Oktoba 1, 2026, wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata Green Card wataondolewa kwenye fedha za Medicaid za serikali kuu. Wapendwa wetu kutoka Kongo waliofika juzi, hili linawahusu moja kwa moja. Kuanzia 2027 sheria hiyo inataka pia watu wazima wengi wa Medicaid wathibitishe saa 80 za kazi, mafunzo au kujitolea kwa mwezi, na hali zao zikaguliwe kila miezi sita. Watu wetu hufanya kazi zaidi ya hizo. Kitakachowaangusha ni barua iliyotumwa kwenye anwani ya zamani. *Kila mwenye Medical Assistance ahakikishe leo kwamba kaunti ina anwani na namba yake sahihi. Mwenye hadhi ya ukimbizi aliyetimiza mwaka mmoja, na aombe Green Card bila kuchelewa.*

Yupo atakayesema, mimi nina bima ya kazini, hainihusu. Fikiria tena. Mishahara ya wengi wanaohudumia wazee na walemavu majumbani na kwenye nyumba za malezi hutoka Medicaid, na takriban nusu ya pesa hizo hutoka Washington. Mteja akipoteza bima, saa zako za kazi hupungua.

*4. YALE YA 2025*

Tufike kwenye kidonda. Januari 1, 2025, watu wazima wasio na hati waliruhusiwa kuingia MinnesotaCare. Walijiandikisha wengi kuliko ilivyokadiriwa. Juni mwaka huo huo, katika kikao maalumu, bunge lilipitisha sheria ya kuwaondoa mwisho wa 2025, watoto wakabakizwa. Gavana Walz alikubali maafikiano hayo ili bajeti ipite na serikali isifungwe Julai 1. Kwenye Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 68 kwa 65. Wabunge wa Republican walikuwa 67. Kura ya 68 ilitoka kwa kiongozi wetu mwenyewe, Melissa Hortman wa Brooklyn Park.

Siku chache baadaye, Juni 14, yeye na mumewe Mark waliuawa nyumbani kwao. Huyu ndiye aliyekuwa Spika mwaka 2023, wakati mlo wa shuleni, nafuu ya watoto, likizo yenye malipo na bima hiyo hiyo zilipopitishwa. Tunaheshimu kumbukumbu yake, na kwa heshima hiyo hiyo tunasema kura ile iliwaumiza watu wetu. Wapo waliokuwa katikati ya matibabu ya kisukari na figo. Hatuombi mtu asahau.

Tunachoomba ni kusoma hesabu. Mwaka 2023 DFL ilikuwa na viti 70 kwa 64 kwenye Baraza na 34 kwa 33 kwenye Seneti. Kwa kura hizo chache yalipita yote tuliyoyataja. Uchaguzi wa 2024 ulileta 67 kwa 67, na upande mwingine ukapata mkono kwenye kitasa cha mlango. Walisema: bila kuiondoa bima hii, hakuna bajeti. Aliyekaa nyumbani 2024 hakuiadhibu DFL. Adhabu ilimwangukia mgonjwa wa figo.

Na msiseme kiti kimoja hakiwezi kuamuliwa na sisi. Shakopee, mwaka 2024, kiti kiliamuliwa kwa kura 14. Kumi na nne! Harusi zetu zina meza zenye watu wengi kuliko hao.

Tulimuuliza mgombea wazi: ukiletewa maafikiano kama yale, utapiga kura gani? Alisema atapinga kumwondoa yeyote aliyekwisha kupata bima, lakini hawezi kuapa kwamba ataiacha serikali ifungwe kwa jambo lolote moja. Wengine kwenye kikao hawakulipenda jibu hilo. Kamati nayo haikulipenda. Hata hivyo tunaliona ni jibu la mtu anayejua kwamba serikali ikifungwa, wanaokosa mshahara wa kwanza ni wale wale wa chini.

*5. "SI WA KWETU"*

Tulifurahi mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alipochaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo hili. Furaha hiyo ilikuwa ya haki. Lakini wengi tulitoka kwenye siasa za "mtu wetu" na tunajua zilitufikisha wapi: mtu wetu alikula, sisi tukapiga vigelegele. Mgombea wa eneo hili si Mkenya, si Mkongomani, si Mtanzania. Hatujui kama anaweza kula ugali. Tunachojua ni kwamba aliulizwa bei ya kila ahadi, na mara nyingi alikuwa na jibu. Tunawahimiza vijana wetu wagombee bodi za shule na mabaraza ya miji. Wakigombea, wao pia tutawauliza bei.

*6. MASHARTI YETU*

Tumemwandikia mgombea, na tunataka majibu kwa maandishi kabla ya kura ya mapema kufunguliwa:

✅ Atasaini muswada wa kuwaweka kwenye MinnesotaCare, kwa fedha za jimbo, wakimbizi na waliopewa hifadhi watakaoondolewa Oktoba 1, na aseme fedha zitatoka mfuko gani.

✅ Aeleze hatua za kuwarudisha watu wazima wasio na hati, nani kwanza na kwa makadirio gani ya gharama. Neno "nitapigania" halitoshi. Mwaka 2025 mpango uliangushwa kwa sababu adui zake walikuwa na namba mkononi na sisi tulikuwa na hisia.

✅ Asiunge mkono ongezeko jingine la kodi ya mauzo kwenye kaunti zetu.

✅ Akishinda, aje mbele ya tawi hili mara mbili kwa mwaka wakati bunge linakaa.

Majibu yakija, tutayatuma hapa neno kwa neno. Yasipokuja, tutawaambia pia.

*7. LA KUFANYA SASA*

🔹 *Raia uliye na miaka 18:* hakikisha umejiandikisha. Usipojiandikisha mapema, Minnesota inaruhusu kujiandikisha siku hiyo hiyo kituoni, mradi umeishi jimboni siku 20. Huna hati yenye anwani? Mpiga kura aliyesajiliwa katika eneo lako la kura anaweza kukuapia. Vituo vingi hufunguliwa saa moja asubuhi na hufungwa saa mbili usiku.

🔹 *Wa zamu:* sheria inamlazimu mwajiri akupe muda wa kupiga kura bila kukukata mshahara. Mwambie mapema.

🔹 *Mama au baba asiyesoma Kiingereza:* una haki ya kuingia na mtu wa kukusaidia, mradi si mwajiri wako wala wakala wa chama chako cha wafanyakazi.

🔹 *Usiye raia, hata ukiwa na Green Card:* USIPIGE KURA, na usisaini fomu ya kujiandikisha hata kama umeletewa mlangoni au kwenye ofisi ya leseni. Kosa hilo linaweza kukugharimu makazi yako nchini. Kazi yako ipo: kutafsiri, kupiga simu, kumpeleka jirani kituoni, kumlelea mtoto wake anapokuwa kwenye foleni.

🔹 *Kila mwanachama:* tafuta watu watatu wasiosoma kikundi hiki. Usiwaambie wampigie nani kwanza. Waulize watoto wao wanakula wapi mchana, na wakiugua usiku wanaonyesha kadi gani. Kisha waambie nani aliamua.

Atakayekuja kwenu na ahadi tamu, awe wa chama chetu au cha wenzetu, mkaribisheni, mpeni chai, kisha mumwulize: bei gani, na nani analipa? Asipojibu, aende akaihesabu kwanza.



*Imetolewa na Kamati ya Tawi*
_Maswali na maoni yaletwe kwenye kikao cha Jumamosi, au kwa katibu kwa ujumbe wa faragha. Tafadhali tusibishane kwenye kikundi usiku, watu wako zamu._